Aliyesimamisha Ndiye Anayeingia

Sikuwa na shule ya mchana. Sikuwa na baba aliyeweza kusoma jina lake mwenyewe. Sikuwa na viatu vya ngozi mpaka nilipotimiza miaka thelathini na moja, wala taa yangu, wala meza yenye droo, wala mtu wa kuniambia kwamba maneno ya kamusi yamepangwa kwa herufi, hivyo kwa miezi mitatu nilikuwa nikilitafuta kila neno kuanzia ukurasa wa kwanza. Cheti cha serikali sikuwa nacho. Nilikuwa na karatasi moja ya shule ya jioni, yenye sahihi ya mwalimu na alama ya chini ya sufuria ambayo mtu aliitua juu yake. Mke wangu Sofia, Mungu amrehemu, alikuwa akiongeza kitu kimoja katika orodha hiyo: subira. Nilimkatalia miaka arobaini. Lakini Sofia hakuwaona vijana wa kujitolea wakirushiana mpira usiokuwepo ndani ya hangari yangu.

Hangari hiyo nimeijenga mwenyewe nyuma ya nyumba, hapa Kasuku. Ina nguzo nane, paa la bati, mabenchi sita na ubao mweusi. Kwa miaka mingi niliwafundisha humo watu wazima kusoma na kuandika, kila alasiri, bure. Walipoacha kuja, mmoja baada ya mwingine, Safia, binti ninayemlea, aliniomba niwape wenzake hangari hiyo.

"Baba mukubwa, tuko volontere kumi na mbili," alisema. "Tunajifunza stadi za maisha, halafu tutaenda kufundisha wengine mitaani."

Stadi za maisha! Nilifurahi. Nilidhani ni hesabu, ni barua za kuomba kazi, ni namna ya kusimama mbele ya wakubwa. Nikapangusa ubao, nikapanga mabenchi, nikaandika tarehe kwa mwandiko wangu mzuri.

Wakaja. Kitu cha kwanza walichofanya ni kusukuma mabenchi pembeni. Cha pili, walivua viatu. Mwalimu wao, binti mmoja aitwaye Nicole, mwenye suruali na filimbi shingoni, akawapanga duara na kuwaambia wadake mpira.

"Nicole," nikamwita pembeni, "mpira wenyewe uko wapi?"

"Haiko, Mzee. Njo mchezo wenyewe." Vijana hawa husema "njo" pale kamusi inaposema "ndiyo".

"Mpira haupo, na kijana yule amejitupa chini kuudaka."

Kijana yule alikuwa Donatien, mwendesha pikipiki za abiria, mtu wa miaka ishirini na sita mwenye ndevu. Akainuka akijipangusa vumbi. "Ulikuwa unaenda mbali sana, Mzee," akasema. "Ningeuacha ungevunja dirisha yako."

Kumi na wawili wote wakacheka, na Safia alikuwa mmoja wao.

Siku nyingine walifungana vitambaa machoni na kuongozana kama vipofu. Siku nyingine walikuwa vioo: mmoja akijikuna, wa mbele yake anajikuna. Mtu mzima aliyefika darasa la kumi na mbili, anajikuna! Na kila mchezo ulipokwisha walikaa chini kwenye udongo, mabenchi yangu sita yakiwatazama, wakapeana mkono kwa mkono kambambili ya mpira ya Donatien, ya mguu wa kushoto. Aliyeshika kambambili ndiye aliyeruhusiwa kusema, na wengine wote walipaswa kunyamaza mpaka amalize. Swali lilikuwa lilelile kila siku: "Umesikia nini ndani yako?" Nilikaa karibu na ubao wangu na kitabu wazi mapajani, na kila siku nilimsikia mtu fulani akijibu kwamba amesikia vizuri. Hakuna aliyeandika chochote.

Ningewafukuza wiki ya kwanza kama si Safia.

Safia si mwanangu. Ni mtoto wa mdogo wangu Aboubakar, anayelima Kailo. Alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na miwili ili asome. Sofia mwenyewe alikwenda kumchukua, kwa sababu mimi na Aboubakar hatukuwa tukisemezana. Alipokuwa hai, Sofia ndiye aliyepeleka na kurudisha maneno kati yetu. Tangu afariki, miaka minne sasa, hakuna neno lililokwenda wala kurudi.

Mwaka huu kijana mmoja mwuguzi, Ismaël, alimposa Safia. Kijana safi, anavaa saa na anafika kwa wakati. Watu wa kwao walikuja, tukazungumza, tukakubaliana Ijumaa ya ndoa. Ilipaswa kuwa Ijumaa hiyo na si nyingine, maana Ismaël alikuwa amehamishiwa kituo cha afya cha Tunda na Jumatatu yake alitakiwa awe kazini. Shangazi yake, mwanamke asiyezungukazunguka, aliniambia wazi: "Tukifika siku hiyo tukute hakuna ndoa, tutajua mumetukatalia kwa adabu."

Nikaenda kwa Sheikh Hamadi wa msikiti wetu kumpa tarehe. Aliniuliza swali moja.

"Baba ya binti iko wapi?"

"Kailo."

"Mzima?"

"Mzima."

"Basi nitafungisha ndoa kwa mkono wa nani?"

"Wangu. Nimemlea miaka kumi."

"Mungu akulipe. Lakini weye ni baba mukubwa, na walii ni baba. Aje mwenyewe, ao akupe uwakili kwa kauli yake. Bila hiyo sifungishi, hata uniletee vitabu vyako vyote."

Safia akavuka mto, akaenda Kailo kwa pikipiki ya Donatien. Siku ya pili akarudi. Aboubakar alimpenda Ismaël. Yuko tayari kuja. Ila kwanza mimi, kaka yake, nimwambie kwa nini.

"Kwa nini nini?" nikamwuliza Safia, ingawa nilijua.

"Kwa nini ulimukatalia karatasi. Amesema: asinijibu tena mambo ya zamu, hiyo nimeisikia miaka makumi mbili na mbili. Aniambie sababu yenyewe."

"Sababu yenyewe ni zamu!"

"Mimi nimetumwa tu, Baba mukubwa."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Msomaji ajue ilivyokuwa. Mwaka 2002 mji wetu ulikuwa umefungwa kama chupa. Askari walishika upande huu wa mto Lualaba, wenye silaha wengine walishika msitu na ng'ambo. Aliyekuwa na shamba Alunguli, ng'ambo ya mto, alilitazama kwa mbali. Watu walichimba mizizi ya mipapai wakaipika. Ili uvuke kwenda kuchukua mihogo yako mwenyewe ulihitaji lesepase, karatasi ya ruhusa, na askari wa bandarini walikubali karatasi za katibu wa kata. Katibu wa kata nilikuwa mimi. Hawakunichagua kwa ukoo wala kwa cheti. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka na sikuogopa kukaa pale. Askari hawakutaka watu wengi majini kwa mara moja, basi nikaupa kila mtaa siku yake. Utaratibu huo niliutunga mimi, na ulifanya kazi.

Aboubakar alikuja Jumanne. Siku ya mtaa wake ilikuwa Alhamisi. Mkewe Sharifa alikuwa amejifungua siku tisa kabla, maziwa hayatoki, na mtoto aliyekuwa akilia ni huyu Safia. Nikamwambia arudi Alhamisi. Hakungoja. Alitafuta mtumbwi chini ya mji, bila karatasi, askari wakamkamata kabla ya kufika katikati, wakampiga. Alikuwa fundi cherehani. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena tangu siku ile. Vita vilipotulia alichukua mke na mtoto akaenda Kailo kushika jembe, kwa sababu jembe linashikika hata kwa vidole viwili.

Kwa miaka yote hiyo nilimjibu kila aliyeniuliza: ningemwandikia ndugu yangu nje ya zamu, watu wangesema nini? Sofia aliniuliza, nikamjibu hivyo. Safia alipokua akaniuliza, nikamjibu hivyo. Ni jibu zuri. Linasimama.

Basi Jumatatu moja, wiki mbili na siku chache kabla ya ndoa, Nicole aliniomba meza yangu.

"Kwa nini? Mnatumia mpira usiokuwepo, tumieni na meza isiyokuwepo."

"Leo tunataka meza ya kweli, Mzee. Ni mchezo wa ugomvi. Wanaonyesha mambo yanavyoharibika. Mwenye kuona pa kurekebisha anapiga kofi na anasema 'Simama!', wote wanasimama."

Hilo nililipenda. Kulikuwa na utaratibu ndani yake. Nikawapa meza, nikakaa kwenye benchi.

Donatien aliketi nyuma ya meza. Aliweka miguu juu, akajifanya anavaa miwani, akalamba kidole na kufunua daftari la hewa. Kijana mwingine, Dieumerci, mpole sana, akaja na kikapu kichwani, akasimama mbele yake.

"Weye ni nani?" Donatien akaanza, kwa sauti ya puani.

"Ni mudogo yako, kaka."

"Hapa hakuna mudogo. Hapa iko siku. Leo ni siku gani?"

"Jumanne, kaka. Lakini mutoto analia."

"Mutoto alie Alhamisi!"

Wakacheka mpaka bati likalia. Mimi nilimtazama Safia. Safia alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Naapa sikukasirika kwa sababu walinicheza. Nilikasirika kwa sababu walinicheza vibaya. Sikuwahi kuweka miguu mezani. Sikuwahi kumwuliza ndugu yangu "weye ni nani". Na sauti ya puani si yangu, ni ya Donatien mwenyewe akiwa na mafua. Mambo yaliyotokea hayapaswi kuharibiwa na watu ambao wakati ule walikuwa wakibebwa mgongoni. Nikapiga kofi, nikasema kwa sauti ya mwenyekiti:

"Simama!"

Wakaganda wote. Dieumerci aliganda na mkono kwenye kikapu.

"Aksanti, Mzee," Nicole akasema. "Ingia."

"Niingie wapi? Nimesimamisha ili niwasahihishe."

"Njo vile. Aliyesimamisha njo anaingia."

"Vizuri sana." Nikamwendea Donatien. "Toka kwenye kiti changu. Nikuonyeshe katibu anavyokaa."

Nicole akatikisa kichwa. "Apana, Mzee. Mwenye kiti habadilishwi. Anabadilishwa mwenye shida."

"Mwenye shida ni huyu! Hajui kukaa!"

"Mwenye shida ni mwenye kikapu."

Na Dieumerci, kwa heshima zote, kwa mikono miwili, akanipa kikapu.

Ningeweza kutoka. Nyumba yangu ilikuwa hatua kumi. Lakini vijana kumi na wawili wangesema Mzee Sumaili amekimbia mchezo wa watoto. Nikashika kikapu, nikasimama mbele ya meza yangu mwenyewe.

Nilianza ipasavyo. "Bwana Katibu, kwa heshima naomba ruhusa ya kuvuka leo, mimi na mtumbwi mmoja, kwa sababu ya mgonjwa."

"Mutaa gani?" Donatien akauliza.

Nikataja.

"Alhamisi."

"Mke wangu amejifungua."

"Leo asubuhi nimeona wenye kujifungua sita. Wote wanangoja siku yao."

Nilitambua maneno hayo. Nilikuwa nimeyasema mezani kwangu, tukila sombe, Safia akinisikiliza. Mtoto yule alikuwa amewapa kila kitu.

"Mimi ni ndugu yako, baba mmoja, mama mmoja."

"Njo maana siwezi. Nikikuandikia, watu watasema katibu anapendelea kwao."

Lilikuwa jibu langu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wake wa mbele. Kutoka upande ule halina mlango. Nikasema mihogo itaoza. Akasema ya wengine pia. Nikasema nitarudi kabla ya saa sita. Akasema Alhamisi nirudi hata saa kumi na mbili. Magoti yalianza kuniuma, nikatafuta kiti kwa macho, sikukiona. Nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliamuru wakati ule kusiwe na kiti cha pili, ili watu wasizoee. Donatien akalamba kidole akafunua ukurasa, bila hata kunitazama, na nikaona kwamba ananitaka niondoke. Nikapiga meza.

"Na yule wa chumvi?"

"Wa chumvi gani?" Donatien akasahau sauti ya puani.

"Yule mwenye duka uliyemwandikia leo asubuhi! Siku yake ilikuwa Ijumaa! Ukamwandikia, na tena ukamwinukia kwenye kiti!"

Donatien alishusha miguu. Akamtazama Nicole, akamtazama Safia.

"Hiyo haiko ndani ya mchezo," akasema.

Haikuwa ndani ya mchezo. Wala haikuwa ndani ya maneno niliyopata kumwambia Safia, au Sofia, au mtu yeyote. Safia aliinua kichwa.

"Baba mukubwa," akasema polepole, "baba alijua habari ya mutu wa chumvi?"

"Hakuwepo. Atajuaje?"

"Basi ni nani amesema sasa?"

Mimi ndiye niliyekuwa nimesema. Nilikuwa nikitafuta hoja ya kumshinda katibu, na hoja nzuri kuliko zote ilikuwa mikononi mwa katibu mwenyewe.

Nicole akapuliza filimbi yake na wakakaa duara. Nikasema mimi nitakaa kwenye benchi. Wakavuta duara mpaka benchi likawa ndani yake. Kisha kambambili ya Donatien ikapita: Dieumerci akasema amesikia vibaya kidogo, Donatien akasema amesikia raha kwa sababu hajawahi kumwambia mkubwa "rudi Alhamisi". Halafu ikawekwa mkononi mwangu.

"Umesikia nini, Mzee?" Nicole akauliza.

"Magoti."

Nilitaka kumpa jirani. Hakupokea. Hiyo ndiyo sheria yao nyingine ya kipuuzi: usipomaliza, hakuna anayekupokea, na hakuna anayekusaidia kwa neno. Kama wangenibishia ningewashinda, nimebishana na watu wazito kuliko wao. Lakini walikaa tu. Watu ambao wiki nne nzima hawakuweza kunyamaza dakika mbili sasa walinyamaza kama mabenchi. Pikipiki zilipita njiani. Kuku akaingia, akatoka. Nikakaa na kambambili mkononi, imelika kisigino, na nikahisi ninachekwa, na hakuna aliyekuwa akicheka.

"Alivua kofia," nikasema mwishoni, kwa hasira. "Mwenye chumvi. Mlango mzima ulikuwa umejaa watu. Alivua kofia akasema, 'Bwana Katibu, shikamoo.' Tajiri! Mimi niliyebeba magunia yake nikiwa kijana. Nikamwandikia. Ningemwandikia hata ya kwenda Kisangani."

Nikaigeuza kambambili mkononi.

"Baada yake akaja Aboubakar. Anatoka jasho, shati halina vifungo. Hakusalimia. Akasema kutoka mlangoni, 'We Masikio, niandikie mbio, mtoto anakufa.' Masikio! Ni jina la utotoni, kwa sababu haya yalitangulia kukua. Watu wakacheka. Wana njaa, hawajala siku mbili, na wakapata nguvu ya kucheka. Askari naye akacheka. Nikatazama daftari, nikamwambia, Alhamisi."

Nikaitupa kambambili katikati ya duara. Donatien akaichukua, akaivaa.

Jioni ile Safia aliniletea chakula, akaketi, jambo ambalo huwa hafanyi.

"Njo ile tu baba anataka," akasema. "Andika vile ulisema."

"Usinifundishe kuandika."

"Ao umupigie simu."

"Simu! Akisikia ninavyokohoa tu anakata. Nilijaribu Sofia alipokufa. Nimeandika barua za watu wa kata hii miaka thelathini, za kesi, za mahari, za kuomba msamaha kwa wakwe. Nitajua la kuandika."

Nilifanya kazi siku tatu. Ilikuwa barua ya kurasa nne, yenye utangulizi, vichwa vya habari na hitimisho. Nilieleza hali ya kata mwaka 2002, idadi ya mitaa, hatari za mtoni, wajibu wa katibu. Sikumficha mwenye chumvi. Alikuwa ukurasa wa tatu, katika aya ndogo, nikisema kwamba palitokea pia mambo ya pekee. Safia aliisoma amesimama.

"Iko na sababu kumi na moja," akasema. "Ile moja haiko."

"Iko ukurasa wa tatu!"

"Ukurasa wa tatu imeandikwa 'mambo ya pekee'. Baba atafikiri ni mvua."

Niliandika ya pili. Mbaya zaidi, siku ile vijana walikuwa hangarini, na Safia, badala ya kuisomea nyumbani, aliisoma huko. Nikasikia mtu akisema kwamba Mzee aondoe neno "hata hivyo", limerudi mara saba. Donatien! Mtu asiyeandika ila namba za simu! Nikatoka nje kumwambia anyamaze, nikakuta wamekaa duara, kambambili iko mkononi mwake, na wote wakaniashiria kwa kidole mdomoni: nisimkatize.

"Mimi naendesha moto," Donatien akaendelea, yaani pikipiki. "Muteja akinizungusha maneno mengi, najua hana nia ya kulipa. Mwenye nia anasema neno moja, anapanda. Nimemaliza."

Niliwaambia wote wavae viatu waende kwao. Walivaa. Nikarudi mezani, nikahesabu. Ilikuwa mara nane.

Jumatano, siku tisa kabla ya ndoa, shangazi wa Ismaël alipita kuuliza kama tumeshatafuta masufuria makubwa. Safia alimjibu kwamba tumeshatafuta. Haikuwa kweli. Mtoto huyu hajui kudanganya, alikuwa akisokota ncha ya kitenge chake mpaka uzi ukatoka. Shangazi alimtazama, akanitazama mimi, akaaga bila kumaliza chai.

Alipotoka tu, Safia alikusanya vikombe, akasema bila kugeuka, "Baba mukubwa, mimi sitakulaumu. Nitakaa tu hapa. Nitakupikia." Akaenda kuosha vikombe.

Angelia, ningejua la kufanya. Nikachukua karatasi moja tu, nikaandika bila kufungua kamusi.

"Aboubakar. Haikuwa zamu. Asubuhi ile nilimwandikia mwenye duka la chumvi, na haikuwa siku yake, kwa sababu alivua kofia akaniita Bwana Katibu. Wewe ulikuja baadaye ukaniita Masikio mbele ya watu, wakacheka, nami nikataka ujue mimi ni nani sasa. Nilijua mtoto analia. Nilijua Sharifa hana maziwa. Kalamu ilikuwa mkononi. Sababu nyingine sina, na zile nilizokuwa nikitoa nilizitafuta baadaye. Mtoto wako anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo na mimi si walii wake. Njoo, au usije na utume kauli, lakini asiadhibiwe yeye. Kaka yako, Sumaili."

Nikampa Safia. Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alikaa chini.

"Hakuna salamu," nikasema. "Barua bila salamu ni aibu. Niongeze mistari miwili ya salamu."

"Usiguse, Baba mukubwa."

Donatien aliitwa. Alikuja na pikipiki yake, hakuizima, moshi ukaingia sebuleni. Nikatoa bahasha niliyoihifadhi tangu mazishi ya Sofia. Gundi yake ilikuwa imeliwa na unyevunyevu, nikailamba mara tatu haikushika. Safia akaleta bukari kidogo, yaani ugali, iliyobaki mchana, akailainisha kwa maji kwenye kijiko, nami nikaipaka kwenye ukingo na kubana kwa kidole gumba.

"Mzee, mafuta inaisha," Donatien akaita mlangoni. "Na mutumbwi wa kuvusha pikipiki haungoji mutu."

"Inabidi ikauke!"

"Itakauka njiani, jua iko ya kutosha."

Nikaandika jina la mdogo wangu juu yake, lote, na Kailo chini yake, nikapiga mstari. Nikaitoa nje mimi mwenyewe. Nikamwambia Donatien aiweke ndani ya kitabu nilichompa, asiilowanishe, asiikunje, asiionyeshe mtu, ampe Aboubakar mkononi na asubiri pale mpaka ndugu yangu asomewe, au asome mwenyewe, na asithubutu kuondoka kabla ya jibu.

"Nimesikia, Mzee."

Akanirudishia kitabu. Akaikunja bahasha mara mbili mbele ya macho yangu, bukari ikatokeza pembeni, akaifuta kwa suruali, akaisokomeza mfukoni mwa shati na kushuka kuelekea bandarini.